Mtoto Aliyelala Nyuma ya Pazia

Juzi nilikuwa jikoni kwangu, hapa Woodbridge, Marekani, nikiyeyusha samli kwa ajili ya biriani ya sikukuu. Pembeni nilikuwa nimeloweka zafarani katika kikombe cha maziwa ya moto. Harufu zile mbili zilipokutana, nikajikuta nimesimama na mwiko mkononi, nimesahau nilichotaka kukoroga. Wengi wa rika langu tuliokulia huku wakikumbushwa utoto hutaja harufu ya basi la shule, au ya majani makavu ya majira ya vuli. Utoto wangu mimi unanukia samli na zafarani, katika nyumba ya watu ambao hawakuwa wa dini yetu, kule Beltsville, umri ule wa meno ya mbele kung'oka.

Wazazi wangu walitoka Tanga. Baba alikuwa akibeba boksi, kama tunavyosema, katika ghala moja upande wa uwanja wa ndege, na Mama alihudumia wazee majumbani mwao. Siku moja shoga yake alimwambia kuna familia ya Kihindi inatafuta mwanamke wa kumtunza bibi yao, na sharti lao kubwa ni kwamba ajue Kiswahili. Bibi huyo alizaliwa Tanga, akaolewa Tanga, akazalia Tanga. Kiingereza hakikuwahi kumkaa ulimini. Kigujarati alikuwa nacho cha sala na cha wageni. Kiswahili ndicho kilichokuwa cha jikoni, cha kugombeza na cha kucheka, na kadiri alivyozeeka ndivyo alivyozidi kukitaka. Nyumba nzima walimwita Ba, yaani mama kwa lugha yao, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mama yangu, Bi Saumu, alipoingia mara ya kwanza na kumwamkia, Ba alimuuliza ametokea mtaa gani. Alipoambiwa Chumbageni alimshika mkono, na hakuuachia mpaka chai ilipoletwa.

Mwana wa Ba ndiye aliyekuwa kiongozi wa hekalu la Kihindu lililokuwa pale pale nyumbani. Mama aliponiambia tunakwenda kwa Maharaji, mimi nilisikia maharage, na kwa muda mrefu nilimwita Mzee Maharage bila mtu kunisahihisha, kwa sababu mwenyewe alicheka na kuitika. Cheo hicho cha Maharaji hakukiomba wala hakupigiwa kura. Wazee wake walikuwa nacho kule Gujarati, babu yake akakivusha bahari mpaka Tanga, baba yake akakirithi, naye akaja nacho Marekani pamoja na mkewe, binti yao mmoja na mama yake mjane. Mkewe alikuwa amekwisha kufariki sisi tulipofika. Hekalu lenyewe lilikuwa ukumbi uliojengwa nyuma ya nyumba ya matofali mekundu, pale ambapo zamani palikuwa na banda la magari. Ukipita barabarani ungedhani ni nyumba ya mtu mwenye ndugu wengi, kwa jinsi viatu vilivyojaa mlangoni kila Jumapili.

Watu walimletea kila kitu. Walimletea watoto wachanga awachagulie herufi ya kuanzia jina. Walimletea magari mapya, naye akaweka ndimu chini ya matairi, akawaambia wazikanyage kisha waende zao salama. Ndugu wawili waliogombea duka walikaa sebuleni kwake tangu adhuhuri, hawatazamani, naye akawa anawamiminia chai tu mpaka mmoja akaanza kucheka. Alikwenda hospitalini, alikwenda misibani. Theluji ikianguka alichukua beleshi akasafisha njia yake, halafu akasafisha na ya majirani wa pande zote mbili, kwa sababu, alisema, wageni wa Jumapili wanawasumbua sana na magari yao. Mama Mkongo wa ng'ambo ya barabara, mlokole asiyekosa kanisani, alimwita Papa Maharaji na kumletea habari za mwanawe asiyetaka kusoma.

Kwa Mama yangu pia alikuwa na adabu ya namna yake. Chakula cha hekaluni huandaliwa kwanza madhabahuni ndipo watu wakile, na Mama, kwa imani yetu, hakuweza kukila. Hakujua aseme vipi. Hakuhitaji kusema. Siku ya tatu au ya nne alikuta sufuria ndogo ya wali wa choroko imepikwa peke yake, imewekwa upande wa pili wa jiko, na Maharaji akamwambia, "Dada, hii haijapita kule. Ni ya kwenu wewe na mtoto." Tangu hapo sufuria ile ilipikwa kila siku. Adhuhuri Mama alitandika mswala wake chumbani kwa Ba, na Ba alipunguza sauti ya redio bila kuambiwa.

Lakini kwangu mimi, mwenye nyumba ile hakuwa Maharaji wala Ba. Alikuwa Mtoto.

Sikuwahi kumwona. Basi la shule liliniteremsha karibu na pale, na neno la kwanza nililolisikia kila nikiingia lilikuwa, "Polepole, Mtoto amelala." Alilala kila mchana nyuma ya pazia jekundu kule ukumbini, mahali ambapo Mama alinikataza kwenda kwa sababu si petu. Nilijua huamshwa alfajiri kwa kengele ndogo, huogeshwa kwa maji ya uvuguvugu, hupewa maziwa yenye zafarani. Nilijua ana nguo nyingi, kwa kuwa Ba alimfumia masweta madogo kupita kiasi, na Mama akayapiga pasi kwa ncha tu. Baridi ilipozidi aliwekewa hita kule nyuma, karibu na vitu vyake vya kuchezea. Nikaunganisha mambo kichwani mwangu, nikaona wazi kwamba ndani ya nyumba ile kuna mtoto mgonjwa, mdogo sana, asiyeruhusiwa kutoka nje.

Nilimhurumia mno. Nilimuuliza Maharaji ana miaka mingapi, akanijibu kwamba huyu ni mdogo siku zote. Nikauliza kama anaumwa. Alisema hapana, anapenda michezo tu na kuiba siagi. Hilo halikunituliza, maana nilijua watu wazima huficha habari za ugonjwa. Nikampa Maharaji kigari changu chekundu, kile chenye mlango unaofunguka, nikamwomba ampelekee. Alikipokea kwa mikono miwili, hakucheka hata kidogo, akaniambia atapewa kesho yake akiamka.

Binti wa Maharaji aliitwa Urmila. Alikuwa akifanya kazi ya kompyuta kule Herndon na kuishi huko huko. Alikuja kila Jumapili na mifuko ya vyakula na dawa za Ba, akasimama mwisho wa ukumbi karibu na mlango, kisha akaondoka. Yeye na baba yake walizungumza kuhusu dawa na bei ya mboga. Ba ndiye aliyemsimulia Mama kisa, wakichambua mchele, na mimi nikiwa chini ya meza. Urmila alipokuwa mtoto alikaa na baba yake nyuma ya pazia kila alfajiri, akajua nyimbo zote na namna ya kila vazi. Alipokua, wazee wa kamati wakasema nafasi ile hupita kwa wanaume, na kwa kuwa Maharaji hana mwana wa kiume, atarithi mpwa wake aliyeko New Jersey. Maharaji akamwambia binti yake asirudi tena nyuma ya pazia. Hakumwambia kwa ukali, alisema Ba, na labda ndiyo maana iliuma zaidi.

Katikati ya majira ya baridi ya mwaka ule ikatangazwa theluji kubwa. Mama hakutaka kumwacha Ba, tukalala huko. Asubuhi, kabla mwanga haujawa mweupe, tulisikia kishindo nje. Maharaji alikuwa ametoka na beleshi lake kusafisha ngazi za jirani, akateleza. Mama alimkuta amekaa kwenye theluji, ameushika mkono wa kulia kama kitu cha mtu mwingine. Gari la wagonjwa lilikuja kwa shida. Walipokuwa wakimfunga kwenye machela, alimvuta Mama mtandio kwa mkono mzima. "Dada Saumu," alisema, "Mtoto bado hajaamka. Mpigie Ramnik."

Bwana Ramnik alikuwa mwenyekiti wa kamati, akiishi Silver Spring, naye alikuwa amefungiwa na theluji kama sisi. Mama alimpigia akiwa anamvisha Ba soksi, simu ameiweka mezani sauti ikisikika chumba kizima. Bwana Ramnik alisikitika kwa ajili ya Maharaji, akauliza atatibiwa wapi. Kisha akasema mpwa ataitwa kutoka New Jersey, barabara zikifunguliwa, pengine kesho. Mpaka hapo pazia libaki limefungwa. Mtoto asiamshwe, asiguswe, asipewe kitu.

Sijui kama ninaweza kueleza hofu iliyonishika. Kesho. Nje kulikuwa kweupe hakuna hata gari, na ndani kulikuwa na mtoto mdogo kuliko mimi, peke yake gizani, na mtu mzima aliyesema asile mpaka kesho. Nilimtazama Mama nikitarajia atagomba. Mama aliitikia tu, "Haya, Bwana," akakata simu, akampeleka Ba bafuni.

Simu ikalia tena. Nikaichukua mimi. Alikuwa Urmila, amepigiwa simu na watu wa hospitali, anataka kuzungumza na Mama. Nilikuwa mtoto wa kusikia Kiswahili na kujibu Kiingereza, na ndivyo nilivyofanya, maneno yakitoka yote kwa pamoja. Nilimwambia Mtoto hajaamshwa, hajapewa maziwa, mtu wa kwenye simu amekataza asile mpaka kesho, na mimi sijui kupasha maziwa.

Urmila akaniuliza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kujifunza kwa bibi yake, "Hakuna mtu aliyemfungulia pazia?"

Nikasema hakuna.

"Mwambie mama yako ninakuja," akasema.

Kutoka Herndon mpaka Beltsville siku ya jua si safari ya kuzungumziwa. Siku ile ilimla asubuhi nzima. Alipita kwanza hospitali, akaambiwa baba yake yumo chumba cha upasuaji na hataweza kumwona mpaka jioni, ndipo akaja. Aliingia na theluji mpaka magotini. Hakuketi. Alikwenda moja kwa moja kuoga, akafungua sanduku la marehemu mama yake, akatoka amevaa sari ya pamba nyeupe yenye mikunjo ya miaka mingi, nywele zinadondosha maji. Jikoni alipasha maziwa, akatia zafarani, akayeyusha samli ya kuwashia taa. Nyumba nzima ikanukia. Nikaona moyo wangu unashuka mahali pake, kwa kuwa hatimaye mtu mzima alikuwa anafanya jambo la maana.

Ndipo Bwana Ramnik akapiga tena. Urmila alimsikiliza kwa muda mrefu, akisema ndiyo mjomba, naelewa mjomba. Hakuwa mtu mbaya, Bwana Ramnik, na sikumsikia akipaza sauti. Alimwambia tu kwamba nia yake ni njema lakini pazia lile si lake, na watu watauliza. Urmila alirudisha simu, akasimama kwenye ujia wa kwenda ukumbini, kikombe cha maziwa mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma. Maziwa yakaanza kupoa.

Ba alikuwa ameyasikia yote. Alimwambia Mama amsukume, na Mama akamleta na kiti chake cha magurudumu mpaka pale ujiani.

"Babu yako alipolala na homa kule Tanga," Ba alimwambia mjukuu wake, "masika yote hakuinua kichwa. Unadhani nani alimwogesha Mtoto?"

Urmila alimgeukia.

"Mimi. Na baba yako nimembeba mgongoni. Watu tuliwaambia Maharaji ameamka kidogo, yumo ndani anahudumu, nao wakaimba upande wao na mimi upande wangu. Mtoto alikula. Hakuna lililoharibika."

"Nita-try, Ba," Urmila alisema, sauti ndogo.

"Hakuna kujaribu. Maziwa yanapoa, nenda."

Akaenda. Mama alimsukuma Ba mpaka kizingiti cha ukumbi, Mama mwenyewe akabaki pale pale kizingitini, amenishika mkono. Tulisikia kengele ndogo. Tulisikia maji, na Urmila akiimba, kwanza kwa kusitasita, kisha kama mtu aliyeikuta njia ya nyumbani kwa miguu. Halafu pazia likavutwa.

Nilimtafuta mtoto wangu. Nilitazama nyuma ya taa, chini ya kitambaa, pembeni kwenye hita. Palikuwa na sanamu ndogo nyeusi, ndogo kuliko mwanasesere, umbo la mtoto anayetambaa, mkono mmoja umeinuka na donge la siagi. Ilikuwa imevaa sweta la rangi ya ndimu ambalo Mama alilipiga pasi wiki ile. Mbele yake kulikuwa na pia ya kuchezea, kifilimbi cha fedha, na kigari changu chekundu, mlango wake umefunguliwa.

"Mama, yuko wapi?" nikanong'ona.

"Ndiye huyo," Mama akasema.

Sikujua kama nicheke au nilie, na pengine ningefanya kimoja kati ya hivyo kama nisingemtazama Urmila. Alikuwa amepiga magoti akimfunga kilemba kidogo, akiweka pindo hili juu ya lile kwa uangalifu wa mtu anayeogopa kumwamsha mgonjwa. Machozi yalikuwa yakimtiririka, naye hakuyafuta kwa sababu mikono yake ilikuwa na kazi. Nilielewa, kadiri mtoto anavyoweza kuelewa, kwamba haya si mambo ya mwanasesere. Usiku tulipokwisha kusali Mama aliniambia kwamba sisi hatuabudu sanamu, na hilo nilijue, na kwamba Wahindu wana yao, humtunza mungu wao kwa sura ya mtoto mchanga, na Mungu ndiye ajuaye. Kisha akaongeza kuwa niliposikia kuna mwenzangu hajala nikasema, na kusema kule hakukuwa kosa.

Maharaji alirudi baada ya siku chache, mkono umo kwenye plasta kuanzia kiganjani mpaka begani. Mpwa alikuwa bado hajafika, na kila siku Urmila alikuwa ameamsha, ameogesha, amelisha, amelaza. Mzee alikwenda ukumbini kwa viatu vya kitambaa, akasimama mbele ya sanamu. Urmila alikuwa nyuma yake, mikono ameikunja kifuani. Mama alitaka kunitoa, lakini Ba alimzuia kwa jicho.

"Kilemba umekifungia kushoto," Maharaji alisema.

"Ndivyo ulivyonifundisha."

Alikitazama tena. Mkono wake mzima uliinuka kidogo, kama unataka kukigusa, ukarudi chini.

"Ndivyo," alisema. "Kesho saa kumi na moja alfajiri. Usichelewe."

Haikwenda laini yote. Bwana Ramnik alikuja na wazee wawili wakakaa sebuleni, na safari ile Maharaji ndiye aliyekuwa mwenye kesi na chai ikamiminwa na Mama. Familia kadhaa zilihamia hekalu jingine, na viatu vya Jumapili vilipungua. Mpwa wa New Jersey alipowasili hatimaye, kijana mnene mwenye duka la dawa na mke mjamzito, aliuliza kama ni kweli Urmila anaendelea vizuri. Alipoambiwa ni kweli, aliomba chai ya pili na chapati, na kwa furaha aliyoshindwa kuificha akacheza karata na Ba mpaka jioni. Baada ya hapo hata Bwana Ramnik aliacha kuja na wazee wake. Urmila alihama Herndon, akarudi chumba chake cha zamani. Baadhi ya watu waliokuwa wamehama walirejea kimyakimya, mmoja baada ya mwingine, wengine na mtoto mchanga anayetaka jina.

Siku ninayoikumbuka zaidi ni ya mwanzo wa majira ya machipuko, sikukuu yao ya rangi, miti ya mtaani imeanza kutoa maua. Ukumbi ulifurika. Mama aliniruhusu nikae kizingitini karibu na kiti cha Ba. Plasta ilikuwa imetolewa, mkono umebaki mwembamba na hautanyanyuka tena juu ya bega. Maharaji aliingia kwa mlango wa watu wote, si ule wa nyuma. Aliacha viatu vyake kati ya viatu vyao, akatafuta nafasi, akakaa sakafuni miongoni mwa watu, karibu nasi. Waliokuwa mbele walitaka kumpisha. Akakataa.

Tangu alipoweza kukaa wima alikuwa nyuma ya pazia, Tanga na hata Marekani, kwanza na baba yake, kisha peke yake. Ba aliniinamia akaniambia hivyo sikioni, kwamba mwanawe hajawahi kukaa upande huu maisha yake yote.

Kengele ililia. Sauti ya Urmila ilianza ndani, na watu wakaipokea. Pazia likafunguka, na pumzi ya ukumbi mzima ikapanda kwa pamoja, kama inavyofanya siku zote, wanawake wakainua watoto wao waone, mzee mmoja akavua miwani akaifuta kwa haraka na kuivaa tena. Maharaji alitazama mbele, kisha akageuka akatazama nyuso za watu, kisha mbele tena.

"Kumbe ndivyo mnavyomwona," alisema, kwa Kiswahili, akimwambia mama yake.

Halafu akahisi mtu nyuma yake anarefusha shingo, akasogea kidogo kando ili naye apate kuona.